Studio ya Nyumbani: Kutoka Programu za Wizi Hadi Leseni

Siku hizi si ajabu, katika nyumba ambayo zamani ilikuwa na redio moja tu ya betri, kukuta chumba kimoja kimegeuzwa studio. Blanketi limetundikwa dirishani ili kelele za nje zisiingie, kipaza sauti kimefungwa juu ya mpini wa ufagio, na kompyuta imewekwa juu ya meza ya kusomea. Kijana wa nyumba hiyo hujiita mtayarishaji wa muziki, na mara nyingi hasemi uongo: kwaya ya kanisa hurekodi kwake, waimbaji wa mtaani humlipa kidogo kidogo, na msimu wa harusi ukifika hupata kazi mbili tatu kwa juma. Wazazi humwona kuwa ni mtu aliyeanzisha shughuli kwa mtaji mdogo, nao humshukuru Mungu kwamba hazururi. Jambo wasilolijua aghalabu ni kwamba ndani ya kompyuta ile karibu kila chombo anachokitumia ni mali ya watu wengine, iliyochukuliwa bila idhini yao.

Vyombo vyenyewe havionekani kwa macho, na ndiyo sababu wizi wake hauonekani kuwa wizi. Kijana huyohuyo asingethubutu kuingia dukani akatoka na gita lisilolipiwa. Lakini programu ya kompyuta haitoweki dukani inaponakiliwa. Huletwa na rafiki ndani ya flashi, bila ankara wala stakabadhi, na anayeipokea huona amepewa zawadi.

Hapana budi kueleza kidogo vyombo hivyo ni vitu gani. Katika studio za zamani kila kazi ilikuwa na mashine yake. Kulikuwa na mashine ya kutia mwangwi, mashine ya kubana sauti ili mwimbaji asisikike mara juu mara chini, mashine ya kusawazisha sauti nene na nyembamba, na vinanda vya umeme vilivyojaza ukuta mzima. Plagini, kama vijana wanavyoiita, ni mashine ya namna hiyo iliyogeuzwa kuwa programu ndogo, nayo huchomekwa ndani ya programu kubwa ya kurekodia. Mlango wa mambo hayo ulifunguliwa kwa upana mwaka 1996, pale kampuni ya Steinberg ya mjini Hamburg, Ujerumani, ilipotangaza utaratibu uitwao VST pamoja na programu yake ya Cubase, na kuwaruhusu mafundi wa nje nao watengeneze plagini za kuingia humo. Mwaka 1999 utaratibu huo uliongezwa, hata ala zenyewe zikaweza kupigwa ndani ya kompyuta.

Walioitikia wito huo walikuwa watu wa kila namna. Andy Hildebrand wa Marekani alikuwa mtaalamu wa kuchunguza mawimbi yanayopenya ardhini ili kutambua mahali penye mafuta. Mwaka 1997 alizigeuza hesabu za aina ileile zifanye kazi ya kunyoosha sauti ya mwimbaji anayepotoka, naye akatoa Auto-Tune. Wimbo wa Cher wa mwaka 1998, uitwao Believe, uliifanya sauti ile ijulikane dunia nzima, na hadi leo ni nadra kuwasha redio ya Afrika Mashariki kwa saa moja bila kuisikia. Huko Ubelgiji nako kampuni ya Image-Line ilitoa mwaka 1997 programu iitwayo FruityLoops, ambayo tangu mwaka 2003 inaitwa FL Studio. Hiyo ndiyo iliyoingia katika vyumba vya vijana kutoka Lagos hadi Durban, kutoka Kampala hadi Dar es Salaam, kwa kuwa kompyuta ya kawaida huweza kuibeba na mtu asiyejua kusoma nota huielewa kwa macho.

Iliingia vipi? Kwa sehemu kubwa iliingia kwa nakala za wizi. Wako watu, wengi wao wasiojulikana kwa majina, ambao kazi yao ni kuvunja kinga ya programu na kuitawanya bure katika intaneti. Baadhi yao hawatafuti hata fedha; hutafuta sifa mbele ya wenzao, kama mtu anayepanda mnazi mrefu ili aonekane.

Wenye kampuni hawakukaa kimya, na dawa ya kwanza waliyoifikiria ilikuwa kufuli. Kwa miaka mingi mnunuzi wa Cubase alipewa kipande kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, mfano wa flashi, na bila kipande hicho programu haikufunguka. Kampuni nyingine zilitumia kipande cha namna hiyo kiitwacho iLok. Matokeo yalikuwa kinyume cha matumaini. Mvunjaji hodari aliifanya programu isikitafute tena kile kipande, na waliopata nakala yake wakafanya kazi bila usumbufu. Aliyelipa ndiye aliyelazimika kukibeba kipande chake kila mahali, kukitafuta kilipopotea, na kuandikiana na kampuni kilipovunjika. Mwaka 2022, ilipotoa Cubase 12, Steinberg yenyewe iliiacha njia hiyo ikahamia leseni inayofungamana na akaunti ya mnunuzi. Ni haki kusema kwamba katika vita vile mteja mwaminifu ndiye aliyejeruhiwa zaidi, na malalamiko yake yalikuwa na msingi.

Lakini nakala ya wizi nayo ina bei, na mlipaji wake si kijana peke yake. Ni nyumba nzima.

Mwezi wa Juni 2019 kampuni ya usalama wa kompyuta iitwayo ESET, ya nchi ya Slovakia, ilitoa taarifa juu ya programu hasidi waliyoipa jina la LoudMiner. Waliikuta ndani ya nakala za wizi za programu za muziki. Tovuti moja tu, ambayo jina lake la intaneti liliandikishwa mwezi wa Agosti 2018, ilikuwa na programu 137 za namna hiyo, 42 za kompyuta za Windows na 95 za kompyuta za Macintosh. Miongoni mwake zilikuwamo zile zinazopendwa kuliko zote: Ableton Live, Reason, Sylenth1, Nexus, Auto-Tune. Aliyezishusha alipata kweli chombo alichokitaka, nacho kilifanya kazi. Pamoja nacho alipata mgeni asiyemwalika: kompyuta ya kuigiza iliyofichwa ndani ya kompyuta yake, ambayo kazi yake ilikuwa kupiga hesabu usiku na mchana ili kuchimba fedha za kidijitali ziitwazo Monero. Mavuno yalikwenda kwa wahalifu. Umeme ulilipwa na mwenye nyumba.

Werevu wa hila ile ulikuwa katika kuchagua watu wa muziki. Mtu wa ofisini kompyuta yake ikianza kuunguruma na kupata moto, hushtuka. Mtayarishaji wa muziki hashtuki, kwa kuwa kompyuta yake huunguruma kila siku. Tena mafaili ya muziki ni makubwa kwa kawaida yake, na mzigo mkubwa uliojificha humo hauonekani kuwa ajabu. Mama wa nyumba anayeuliza kwa nini umeme wa kulipia kabla unakwisha kabla ya juma kuisha, hali friji ni ileile na taa ni zilezile, anauliza swali la maana kuliko anavyodhani.

Tena, maelekezo ya nakala hizi karibu daima humtaka mtumiaji azime kwanza programu ya kinga dhidi ya virusi. Maana yake ni kwamba mlinzi anaambiwa aende kulala ili mgeni apite. Yafaa ikumbukwe kompyuta ya nyumbani hutumika na nani. Baba huingia humo kutazama taarifa ya benki, binti hutuma maombi ya chuo pamoja na nakala za vyeti vyake, na picha za vitambulisho vya nyumba nzima zimehifadhiwa mumo humo. Askari au polisi anayetumia kompyuta hiyohiyo kuandika mambo yake ana sababu ya ziada ya kujua kilichomo ndani yake.

Hasara nyingine hujitokeza polepole. Kwaya imerekodi nyimbo kumi, imelipa, imeondoka. Baada ya mwaka mmoja mwalimu wa kwaya anarudi: ubeti wa tatu wa wimbo wa pili urekebishwe, na jina la mtu aliyefariki liondolewe. Kijana anafungua kazi ile na kukuta kinanda hakilii. Kompyuta ilisasishwa, plagini iliyovunjwa haikubali tena, na aliyeitawanya hana anwani wala wajibu kwa mtu yeyote. Aliyelipia huandikia kampuni akajibiwa. Aliyeiba atamwandikia nani? Sauti za watu thelathini zimo mikononi mwake, naye hawezi kuzipanga upya.

Kisha kuna suala la haki yenyewe, ambalo halipendezi kuzungumzwa lakini haliepukiki. Wanamuziki wa nchi zetu wamelalamika kwa miaka mingi juu ya vibanda vinavyotia nyimbo katika flashi na kadi za simu kwa ujira mdogo, bila mwenye wimbo kupata hata senti. Malalamiko hayo ni ya kweli. Sheria zipo pia: Tanzania ilitunga sheria ya hakimiliki na haki shiriki mwaka 1999, Kenya mwaka 2001, Uganda mwaka 2006. Sheria hizohizo zinazomlinda mtunzi wa wimbo zinazihesabu programu za kompyuta kuwa ni kazi zinazolindwa. Mtayarishaji anayepeleka mashtaka dhidi ya mwenye kibanda, hali meza yake mwenyewe imejaa nakala za wizi, ajue kwamba wakili wa upande wa pili naye ana macho. Wahenga walisema mla cha mwenziwe na chake huliwa.

Hata hivyo si haki kumhukumu kijana bila kutazama bei. Toleo la FL Studio analolihitaji mtu anayerekodi waimbaji limekuwa likiuzwa kwa kiasi kinachokaribia dola 200 za Marekani. Kwa mtu wa Brussels au Chicago hizo ni fedha za mwisho wa juma moja au mawili. Kwa kijana anayelipwa kwa wimbo mmoja kiasi cha kununulia mchele na mafuta, ni akiba ya miezi mingi, na hapo hajanunua plagini hata moja ya nje. Wanaosema tu kwamba wizi ni wizi na kuishia hapo hawajamsaidia mtu. Tena uchu wa kuiba haukuwa wa maskini peke yao, kama kisa cha mwaka 2016 kilivyoonyesha.

Mwaka 2014 fundi wa Marekani aitwaye Steve Duda, kupitia kampuni yake ndogo ya Xfer Records, alitoa ala ya kompyuta iitwayo Serum kwa bei ya dola 189. Ilipendwa upesi mno, na upesi uleule ikaibwa. Mwezi wa Machi 2016 mwanamuziki tajiri Kanye West aliweka hadharani picha ya kompyuta yake, na waliotazama kwa makini wakaona katika kurasa zilizokuwa wazi dalili za kutafuta nakala ya wizi ya ala hiyo. Mwanamuziki wa Canada ajulikanaye kwa jina la deadmau5, mshirika wa siku nyingi wa Duda, alimfanyia kejeli mbele ya ulimwengu, akapendekeza watu wachange fedha ili tajiri yule aweze kuinunua. Watu walicheka sana. Lakini kicheko hakikumlipa Duda chochote.

Kilichokuwa na faida zaidi ni jambo lililofanyika mwaka huohuo bila kelele. Kampuni ya Splice ya New York ilikubaliana na Duda kuuza Serum kwa malipo ya mwezi kwa mwezi, dola 9.99 kila mwezi, hadi bei yote itimie. Hayo yalikuwa malipo kumi na tisa hivi. Tofauti yake na kukodi ni kubwa: anayekodi hulipa milele na asimiliki kitu, lakini huyu alikuwa akinunua kidogo kidogo, na siku ya malipo ya mwisho ala ikawa yake. Mwezi akikosa fedha aliweza kusimamisha malipo, ala ikajifunga, na alipopata tena akaendelea kutoka pale alipoachia bila kupoteza alichokwisha kulipa. Kila mama aliyewahi kununua cherehani kwa mkopo wa mwezi kwa mwezi anauelewa mpango huo bila kuelezwa. Ajabu ni kwamba kampuni za programu zilichukua miaka ishirini kuufikiria.

Duda aliwatendea wema wanunuzi wake mpaka mwisho. Mwezi wa Machi 2025 alipotoa Serum 2, ambayo ni ala mpya kwa mambo mengi, wote waliokuwa wameinunua ile ya kwanza walipewa ya pili bila malipo. Image-Line nayo ina desturi ya kale ya kutomtoza tena mnunuzi wa FL Studio kila toleo jipya linapotoka. Anayenunua mara moja hupewa matoleo yanayofuata maisha yake yote. Kwa mwenye kipato kidogo desturi hiyo ina thamani kuliko punguzo lolote, kwa kuwa anajua gharama inaishia wapi.

Si kila kampuni imekuwa na busara hiyo. Waves, kampuni ya Israeli iliyoanzishwa mwaka 1992 na ambayo plagini zake zimo katika studio kubwa kubwa, ilitangaza mwezi wa Machi 2023 kwamba haitauza tena leseni za kudumu. Kila mtu alipe kwa mwezi, dola 14.99 au 24.99, na akiacha kulipa vyombo vinazimika. Wateja wa dunia nzima walikasirika, na katika siku chache tu kampuni ikatangaza kwamba leseni za kudumu zitarudishwa. Kisa hicho kinamfaa sana mtu anayejiandaa kununua kwa mara ya kwanza. Asome kwanza kama anachokilipia ni cha kudumu au ni cha kukodi, kwa maana matangazo ya aina zote mbili hufanana rangi.

Sasa, kijana aliyeamua kuhama afanye nini? Wengi hukata tamaa kwa sababu hujaribu kununua kwa siku moja kila kitu walichokuwa nacho cha wizi, na kila kitu kile thamani yake ni maelfu ya dola. Hakuna haja hiyo. Mwizi wa programu hukusanya kama anayeokota maembe chini ya mti wa jirani. Ana mashine thelathini za mwangwi na hutumia moja. Aketi na karatasi, afungue nyimbo zake kumi za mwisho, aandike plagini zilizotumika kweli. Orodha itakuwa fupi kuliko alivyotazamia.

Kabla ya kufuta chochote, azitoe kazi za wateja. Kila sauti na kila ala katika wimbo igeuzwe kuwa faili la sauti la kawaida, lijitegemee bila plagini, na yote yahifadhiwe katika diski ya nje. Kufanya hivyo hakuhalalishi kilichotumika zamani bila leseni, na asijidanganye. Lakini kunaokoa sauti za waimbaji wasiokuwa na hatia. Baada ya hapo asihangaike kuzifuta nakala za wizi moja moja, kwa maana zile zilizobeba wageni hazitoki kwa kufutwa juu juu. Njia iliyo salama ni kuifuta kompyuta yote na kuisimika upya, kisha kubadili nywila zote za nyumba, za benki na za barua, akitumia kompyuta iliyokwisha kusafishwa.

Hapo atakuwa na kompyuta tupu, na hofu huingia. Lakini utupu huo si mkubwa. Programu ya kurekodia iitwayo Reaper, iliyotungwa na kampuni ya Cockos ya Justin Frankel, yule aliyetunga pia Winamp, huruhusiwa kujaribiwa kwa siku 60 ikiwa kamili, na leseni yake ya bei nafuu imekuwa dola 60 kwa mtu ambaye mapato yake kwa kazi hiyo hayazidi dola 20,000 kwa mwaka. Ni wachache katika mitaa yetu watakaokosa sifa hiyo. Anayependa FL Studio anaweza kuishusha bure ya majaribio: hufanya kazi zote na kuhifadhi, ila kazi iliyohifadhiwa haifunguki tena mpaka leseni ilipwe. Siku inapolipwa, zote zilizohifadhiwa hufunguka.

Ala za bure na za halali zimekuwa nyingi kiasi kwamba kisingizio cha zamani kimepungua nguvu. Vital, ya Matt Tytel, ilitoka mwaka 2020, na toleo lake la bure hufanya sehemu kubwa ya kazi ambazo watu walikuwa wakiibia Serum. Surge, iliyokuwa ya kuuzwa, ilifunguliwa kwa umma mwaka 2018 na tangu hapo hutunzwa na mafundi wa kujitolea. Spitfire Audio ya Uingereza ilianzisha LABS, mkusanyiko wa bure wa piano, vinubi na fidla zilizorekodiwa kutoka ala za kweli. Dexed huiga kinanda cha Yamaha DX7, kile ambacho sauti zake zilijaa katika nyimbo za miaka ya themanini. Valhalla Supermassive hutoa mwangwi wa bure, na kampuni hiyohiyo huuza mashine zake nyingine kwa dola 50 kila moja, bei isiyopanda wala kushuka, hivyo mtu hana haja ya kuvizia punguzo.

Wala vyombo vinavyokuja ndani ya programu yenyewe visidharauliwe. Muziki wa amapiano wa Afrika Kusini, ambao sasa unachezwa katika harusi zetu kana kwamba ulizaliwa hapa, umejengwa juu ya mlio mmoja wa besi wenye kugonga kama gogo. Mlio huo ulitoka katika ala ndogo iitwayo Fruity DX10, ambayo imo ndani ya FL Studio tangu zamani na ambayo wenye kukusanya plagini za nje walikuwa wakiipita bila kuitazama. Vijana wa vitongoji vya Gauteng waliikuta pale ilipo, wakaipiga kwa namna yao, na dunia ikafuata.

Kwa vile vichache ambavyo ni lazima vinunuliwe, mwezi wa Novemba ni mwezi wa kusubiri, kwa kuwa kampuni nyingi hushusha bei kwa nusu na hata zaidi. Wanafunzi na walimu hupewa bei zao na kampuni kadhaa wakionyesha uthibitisho wa shule. Asinunue kamwe leseni ya bei ya kutupwa kutoka kwa mtu asiyemjua katika mitandao. Mara nyingi anauziwa nakala ileile ya wizi aliyoikimbia, safari hii kwa fedha. Kampuni nyingine huruhusu mwenye leseni kuihamishia kwa mtu mwingine, lakini uhamisho huo hufanywa kupitia kampuni yenyewe, kwa maandishi.

Kulipa ng'ambo kulikuwa kikwazo kikubwa kwa asiye na akaunti ya benki. Kikwazo hicho kimepungua tangu huduma za fedha za simu zilipoanza kutoa namba za kadi za malipo ya intaneti. Nchini Kenya, kwa mfano, Safaricom na Visa walianzisha huduma ya namna hiyo kupitia M-Pesa mwaka 2022. Mzazi anaweza kutia kiasi cha plagini moja tu, na kadi isiwe na kingine cha kuchukuliwa.

Leseni ikishanunuliwa, hukaa katika akaunti yenye barua pepe na nywila. Familia zinazohamishwa kituo hadi kituo hupoteza namba za simu, na pamoja nazo hupotea njia ya kuingia katika akaunti. Kijana akabaki na risiti ya kitu asichoweza kukifungua. Kwa hiyo barua pepe iwe moja ya kudumu, na nywila iandikwe katika daftari linalowekwa pamoja na vyeti vya kuzaliwa na si katika simu pekee. Palipo na mtandao hafifu kuna nafuu nyingine. Ufunguo wa FL Studio, na wa Reaper vilevile, ni faili dogo linaloweza kushushwa katika kompyuta yoyote mjini, likabebwa ndani ya flashi, na kufungua programu katika nyumba isiyokuwa na intaneti kabisa. Nakala mbili zatosha: moja ibaki katika flashi, nyingine apewe dada au mjomba aishiye mji mwingine.